Jinsi ya Kuandika Ombi la Fedha za Utafiti wa Makovu ya Mapafu

Kabla ya kuandika neno la kwanza, chukulia kwamba atakayelisoma ombi lako hajawahi kuusikia ugonjwa huu. Mweleze unavyoonekana kwa macho na kusikika kwa masikio: nyama ya mapafu hugeuka makovu magumu, pumzi hupungua mwezi baada ya mwezi, ncha za vidole huvimba zikawa kama virungu, na daktari akisikiliza mgongo sehemu ya chini, husikia mlio kama wa kubandua mkanda wa kunata wa kiatu cha mtoto. Kisha sema bila kuuma maneno kwamba, kwa aina ya ugonjwa ambayo chanzo chake hakijulikani, takriban nusu ya wagonjwa wasiotibiwa hufariki ndani ya miaka 3 hadi 5 tangu wagunduliwe, na kwamba pirfenidoni na nintedanibu, dawa zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2014, hupunguza kasi ya makovu tu wala haziponyi.

Unapofika kwenye hoja, usiegemee huruma peke yake, kwa maana kila ombi lililo mezani kwa mfadhili lina mgonjwa wa kuhurumiwa. Kisa chenye nguvu zaidi kinatoka Marekani. Kwa miaka mingi madaktari waliwapa wagonjwa hawa predinisoni pamoja na azathioprini, dawa za kupunguza nguvu ya kinga ya mwili, wakiamini kwamba zinawasaidia, hadi fedha za umma zilipogharimia jaribio la kulinganisha mchanganyiko huo, ulioongezwa dawa ya tatu, asetilisisteini, na dawa bandia, yaani kidonge kisicho na dawa ndani. Mwaka 2011 sehemu hiyo ya jaribio ilisitishwa kabla ya wakati wake: waliotumia mchanganyiko walikuwa wamekufa 8, na waliopewa dawa bandia 1, ilhali makundi yote mawili yalikuwa na watu wasiofika 80 kila moja. Hakuna dawa mpya iliyopatikana humo, lakini tangu hapo wagonjwa waliepushwa na matibabu yaliyokuwa yakiwaua. Mfadhili akishaelewa hilo, hatauliza tena utafiti una faida gani.

Sasa omba jambo dogo linalopimika. Kwetu Afrika Mashariki dalili hizi hushabihiana na za kifua kikuu, kwa hiyo yupo mgonjwa ambaye makohozi yake hayana vimelea, akamaliza dozi ya miezi 6, akarudi kliniki na kikohozi kilekile kikavu. Pendekeza wagonjwa wa namna hiyo, katika hospitali moja au mbili, wapigwe picha ya CT ya kifua, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha mapafu kipande kwa kipande, wapimwe uwezo wa mapafu kwa spirometa, na waandikwe katika rejesta moja.

Katika bajeti, taja bei ya kila kipimo kama hospitali inavyotoza, na usikubali kufuta nauli ya msindikizaji, ambayo wahasibu hupenda kuikata kwanza. Mtu anayetweta kwa kupanda ngazi tano hafiki peke yake. Tenga pia muda wa vibali, yaani kibali cha maadili cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) kwa Tanzania na leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia) kwa Kenya, na usiahidi kuanza kazi kabla havijatoka. Mwisho ambatanisha barua ya hospitali itakayowapokea wagonjwa, yenye sahihi, tarehe na mhuri.