Kusajili Kliniki kwa Kamishna wa Data Nchini Kenya: Fungua Droo Kabla ya Kufungua Fomu

Kliniki ninayoisimamia Likoni, Mombasa, ina wafanyakazi saba, kompyuta mbili na kabati moja la faili, na kwa muda mrefu tulidhani kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawahusu wenye mabenki na kampuni za simu. Tumepata cheti chetu cha usajili kutoka kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, msimamizi wa sheria hiyo, mwaka huu, baada ya kupoteza wiki tano na shilingi 7,000 tulizomkabidhi wakala aliyetujazia fomu kwa maneno ambayo hayakuwa yetu. Naandika haya kwa ajili ya wenye kliniki, shule, nyumba za wageni na biashara nyingine ndogo zinazoweka habari za watu, ili nao wasiangukie shimo tuliloangukia.

Jambo la kwanza ni kujua kama unatakiwa kujisajili. Kanuni za usajili zilizoanza kutumika tarehe 14 Julai 2022 zinamsamehe mwenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10. Wengi husoma hadi hapo wakafunga ukurasa, nasi tulifanya vivyo hivyo. Hata hivyo, mwishoni mwa kanuni hizo kuna jedwali la shughuli ambazo hazipati msamaha huo hata kama mwenyewe ana mfanyakazi mmoja tu: utoaji wa huduma za afya, uendeshaji wa shule, hoteli na nyumba za wageni, usimamizi wa nyumba na uuzaji wa ardhi, huduma za fedha, usafiri, kamari, kutafuta kura za kisiasa, na hata uendeshaji wa kamera za CCTV za ulinzi. Zahanati yenye muuguzi mmoja na karani mmoja imo ndani ya jedwali hilo. Lisome kabla ya kuhesabu wafanyakazi wako.

Jambo la pili ni kujua unajisajili ukiwa nani. Mdhibiti wa data ni yule anayeamua habari za watu zikusanywe kwa sababu gani na zitumiwe vipi. Mchakataji ni yule anayezishughulikia kwa niaba ya mdhibiti na kwa maagizo yake. Kliniki ni mdhibiti wa data za wagonjwa wake na za wafanyakazi wake. Kampuni inayotuendeshea programu ya kumbukumbu ni mchakataji, na kadhalika ofisi ya uhasibu inayotayarisha mishahara yetu. Anayefanya kazi zote mbili husajiliwa kwa zote mbili, na kila moja ina ada yake. Kwa hiyo usiweke alama kwenye visanduku vyote viwili kwa kudhani kwamba unajikinga.

Maombi yenyewe hufanywa mtandaoni kupitia tovuti ya Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, odpc.go.ke. Kufungua akaunti, kuandika jina la biashara na kupakia cheti cha usajili wake ni kazi ya saa moja kwa mtu aliyezoea fomu za serikali, wala sitakaa hapo. Tumia barua pepe ya taasisi badala ya barua pepe ya mfanyakazi mmoja, kwa kuwa mfanyakazi huondoka na cheti huendelea kuwa chenu.

Panapohitaji muda ni pale sheria, katika kifungu cha 19, inapomtaka mwombaji aeleze aina za data anazoshughulikia, sababu ya kuzishughulikia, makundi ya watu wanaohusika, hatari zinazoweza kutokea, na hatua za usalama alizoziweka kuzikinga. Ukiyasoma haraka, maelezo haya yanaonekana kama mistari mitano tu ya kujaza. Wakala wetu aliyaona hivyo. Alinakili majibu aliyokuwa ameyatumia kwa mteja mwingine, na daktari wetu, aliyekuwa na foleni ya wagonjwa mlangoni, akaidhinisha bila kusoma. Tulipoombwa ufafanuzi na Ofisi ya Kamishna ndipo nilipoyasoma mimi kwa mara ya kwanza: kliniki yetu ilikuwa imedai kuwa na seva, yaani kompyuta kuu ya kuhifadhia kumbukumbu, iliyo katika chumba chenye kufuli la alama za vidole na mlinzi wa saa 24. Hatuna seva. Chumba pekee chenye kufuli la maana ni stoo ya dawa. Kifungu hicho hicho cha 19 kinasema kwamba anayetoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kwa kujua ametenda kosa, na mwenye kubeba kosa hilo ni yule ambaye jina lake limo ndani ya fomu. Wakala alikuwa amekwisha kulipwa na simu yake haikupatikana tena. Ukimpa mtu kazi ya kukuandikia, mpe maelezo yako mwenyewe aandike, kisha soma kila mstari kabla ya kuidhinisha.

Tuliamua kuanza upya, na safari hii tulianza na jengo. Jumamosi moja alasiri, baada ya mgonjwa wa mwisho kuondoka, mimi na muuguzi mkuu tulipita chumba hadi chumba tukiwa na daftari, tukiuliza swali moja kwa kila karatasi na kila kifaa: ndani yake mna habari za nani, na nani anaweza kuzifikia? Nilikuwa na sababu yangu ya kuliuliza. Wiki chache kabla ya hapo, mama mmoja aliyemleta mjukuu wake alinitazama nikiandika akaniuliza, "Mwanangu, haya yote unayoyaandika yanakaa wapi?" Nikamjibu kwamba yako salama, na nilipokuwa nikilisema neno hilo sikuwa na ushahidi wowote mkononi.

Kwenye meza ya mapokezi, chini ya kibodi, tulikuta kipande cha karatasi chenye paswadi ya kompyuta. Paswadi hiyo ilikuwa moja kwa wafanyakazi wote, akiwemo muuguzi aliyeacha kazi mwaka uliopita. Kitabu cha kuandikisha wagonjwa kilikuwa wazi juu ya meza, ambapo mtu anayeandika jina lake husoma jina la aliyemtangulia na sababu iliyomleta. Diski ya bakapu, yaani ya nakala za akiba, tuliikuta kwenye droo iliyo chini ya kompyuta ile ile inayonakiliwa, kiasi kwamba mwizi angevichukua vyote viwili kwa mkupuo mmoja, au moto ungeviunguza pamoja. Majibu ya maabara yalikuwa yakitumwa kwa picha kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi, na kubaki ndani ya simu za watu saba. Kisha kulikuwa na flashi yangu mimi, ambayo kila mwisho wa mwezi nilivuka nayo feri kwenda kumalizia hesabu nyumbani, ikiwa na orodha ya wagonjwa wanaodaiwa na vipimo walivyofanyiwa, bila kufuli la aina yoyote. Lau ingenidondoka kwenye msongamano wa jioni pale kivukoni, majirani wangeweza kusoma ni nani alipimwa nini. Hali ya afya ya mtu ni data nyeti kwa mujibu wa sheria, na hata bila sheria, hakuna anayestahili kufanyiwa hivyo na kliniki aliyoiamini.

Ukiwa na daftari kama hilo, usikimbilie kujaza. Rekebisha kwanza, kisha uandike ulichorekebisha. Kila mfanyakazi alipewa jina lake la kuingilia na paswadi yake, na anayeondoka hufungiwa siku hiyo hiyo. Karani wa mapokezi sasa huona jina, namba ya simu na siku ya miadi, lakini haoni ugonjwa. Diski na flashi zote zilisimbwa, ili anayeziokota asiweze kusoma kilichomo. Kundi la WhatsApp lilibaki kwa ajili ya kupangiana zamu tu. Kwa upande wa bakapu tulifuata desturi ya mafundi wa kompyuta ya kuwa na nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja kati yake ikikaa nje ya jengo.

Jaribu pia kurejesha bakapu hiyo kabla ya kuitaja kwenye fomu. Sisi tuliamini kwamba diski yetu ilikuwa na kila kitu, kwa kuwa taa yake iliwaka kila Ijumaa. Tulipoichomeka kwenye kompyuta nyingine na kujaribu kufungua faili, miezi miwili mizima haikufunguka. Kuanzia siku hiyo tunarejesha faili tano za kubahatisha kila mwezi, na aliyezifungua anatia sahihi. Mstari huo mmoja, wenye tarehe na sahihi, ulitufaa zaidi kwenye fomu kuliko ukurasa mzima wa maneno makubwa.

Swali la mahali data zinapokaa lina upande mwingine unaosahauliwa. Ukihifadhi kumbukumbu kwenye huduma ya wingu, yaani kwenye seva za kampuni nyingine kupitia mtandao, au hata kwenye barua pepe ya bure, huenda zimekwisha kuvuka mipaka ya Kenya. Sheria inaruhusu data kupelekwa nje kwa masharti, na kwa data nyeti inadai ridhaa ya mwenyewe pamoja na uthibitisho kwamba kuna kinga zifaazo huko ziendako. Muulize anayekuuzia huduma hiyo seva zake ziko nchi gani, na umtake ajibu kwa maandishi. Wetu alitujibu baada ya kuulizwa mara tatu; mkataba tuliokuwa nao haukusema lolote kuhusu ulinzi wa data, nao ilibidi uandikwe upya, kwa sababu kati ya mdhibiti na mchakataji lazima kuwe na mkataba wa maandishi.

Sehemu ya sababu nayo isijazwe kwa kuandika tu "huduma za afya". Tulipochukua fomu yetu ya mapokezi na kuandika mbele ya kila swali sababu ya kuliuliza, tulikwama kwenye kabila na dini. Hakuna mtu katika kliniki aliyekumbuka nani aliyaweka maswali hayo, wala daktari hakuwahi kuyatumia kumtibu yeyote, ilhali kwa miaka mingi tulikuwa tukimuuliza kila anayeingia, nao wakijibu kwa kudhani kwamba wasipojibu hawatatibiwa. Tumeyafuta. Katika nchi hii, ambako watu wamewahi kutafutwa nyumba kwa nyumba kwa ajili ya kabila lao, orodha ya namna hiyo haina sababu ya kukaa ndani ya kompyuta ya zahanati. Kama huwezi kuandika sababu mbele ya swali, liondoe kwanza ndipo uendelee na maombi.

Malipo ni hatua nyepesi. Kwa taasisi yenye wafanyakazi 1 hadi 50 na mapato yasiyozidi shilingi milioni 5, ada ni shilingi 4,000. Taasisi ya kati, yenye wafanyakazi 51 hadi 99, hulipa 16,000, na kubwa zaidi 40,000. Taasisi za umma, za hisani na za kidini hulipa 4,000. Hifadhi stakabadhi. Cheti hutumika kwa miezi 24, na kukihuisha kwa taasisi ndogo ni shilingi 2,000. Maelezo uliyoyatoa yakibadilika kabla ya muda huo, kwa mfano mkihama jengo au mkibadilisha programu, mjulishe Kamishna.

Usifikiri kwamba cheti ukutani kinamaliza wajibu. Data zikivuja au zikiibwa kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, mdhibiti ana saa 72 tangu ajue za kumwarifu Kamishna, na mchakataji ana saa 48 za kumwarifu mdhibiti wake. Adhabu ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea kipi ni kidogo. Mnamo Septemba 2023 shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi wao. Kwa hiyo mwenye shule anayesoma haya apitie pia simu za walimu wake na kurasa za shule mtandaoni.

Saa 72 ni chache sana kama zinaanzia Ijumaa jioni na hakuna anayejua ampigie nani. Sisi tumeandika karatasi moja yenye majina mawili, la kwanza na la badala yake, pamoja na mambo ya kukusanya mara moja: kilichotoweka, saa iliyogundulika, na wagonjwa wanaoguswa. Imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la faili, na chini yake imeandikwa tarehe ya kuisha kwa cheti chetu.