Kuuza nyumba yenye HOA Texas: hati anazotakiwa kupewa mnunuzi

Somo hili linahusu nyumba za kawaida ambazo mwenye nyumba hana hiari ya kujitoa HOA (chama cha wamiliki wa nyumba za mtaa). Zinaongozwa na sura ya 207 ya Sheria ya Mali ya Texas. Kondo zina sura yake, ya 82, na fomu zake, usizichanganye.

1. Jua nani anasimamia. Kampuni za usimamizi hubadilika, na anwani iliyo kwenye barua ya zamani huenda haifanyi kazi tena. Ingia hoa.texas.gov, tafuta jina la mtaa wako, usome cheti cha usimamizi. Utakuta mawasiliano na ada zinazotozwa nyumba inapobadilisha mwenyewe.

2. Kagua nyumba kabla HOA haijaikagua. Cheti cha mauzo (resale certificate, hati ya HOA inayoeleza hali ya nyumba na madeni yake) hutaja kila ukiukaji wa masharti ambao bodi inaufahamu, na ombi lako la cheti likifika mara nyingi kampuni hutuma mtu kupiga picha. Wanaonaswa hunaswa kwa mambo yale yale: kibanda cha vifaa uani, uzio uliobadilishwa rangi, paa jipya, vyote bila kibali cha maandishi. Omba kibali sasa, ukiambatanisha picha na vipimo. Ukishapata mnunuzi, muda umekubana.

3. Agiza kwa maandishi. Unaagiza masharti ya mtaa, katiba na kanuni za chama, pamoja na cheti cha mauzo. HOA ina siku 10 za kazi, yaani wiki mbili kamili, na sikukuu zikiingia katikati huzidi hapo. Bei isizidi dola 375. Kuhuisha cheti, dola 75. Usiagize mapema mno: siku ya kukabidhiwa, cheti kisiwe na zaidi ya siku 60 tangu kiandaliwe.

4. Kisome wewe kwanza. Linganisha deni na risiti zako. Tazama michango maalumu iliyokwisha pitishwa, akiba ya chama na kesi zilizoko mahakamani. Faini uliyokwisha lipa ikionekana bado, idai isahihishwe kabla mnunuzi hajaiona.

5. Nyongeza ya mkataba wa mauzo kuhusu HOA. Hapa ndipo pesa huvujia. Kuna nafasi ya kuandika kiwango cha juu ambacho mnunuzi atalipa kwa ada za uhamisho. Kinachozidi ni cha muuzaji. Dalali akiandika dola 200 na ada zikafika 550, dola 350 zinakatwa kwako. Pata jumla ya ada kwanza, ndipo ujaze.

Maswali ya wanachama

*Mnunuzi akishapokea hati anaweza kujitoa?*
Mkataba ukisema muuzaji ndiye atakayezileta, ndiyo: ndani ya siku 3 tangu azipokee, au kabla ya kufunga mauzo, lolote litakalotangulia, na arubuni yake anarudishiwa. Kwa hiyo zipeleke mapema, na utunze ushahidi wa tarehe aliyopokea.

*Siku 10 zimepita, HOA kimya.*
Peleka ombi la pili kwa posta ya "certified mail" yenye risiti ya kurudi, au kwa mkono, upate sahihi ya aliyepokea. Barua pepe ya kukumbushia haitoshi.

*Nimelipa dola 600 za mwaka mzima Januari, nafunga mauzo Juni 30. Zimepotea?*
Hapana. Zimebaki siku 184 kati ya 365, hivyo kampuni ya taito (inayoshughulikia hati miliki na malipo ya kufunga mauzo) itakurudishia takriban dola 302 kutoka kwa mnunuzi. Hakikisha cheti kinaonyesha umelipa hadi Desemba. Kikiandika robo ya kwanza tu, hesabu itakugeukia.