Mstari wa kunakili ukijaa, usichomoe bado

Ndugu zangu wa Goma, hasa ninyi mnaofanya kazi ya picha na kuchapisha kule Birere: najua mteja amesimama mlangoni na jenereta inakaribia kuzimwa, lakini hiyo diski ya nje isubirini kidogo.

Mstari wa kunakili, ule unaoonyesha kwenye skrini faili zimefika wapi, ukijaa, haina maana kwamba kila kitu kimeshaandikwa. Kompyuta inaweza kushika sehemu ya data kwenye kumbukumbu yake kwanza, halafu kuimimina kwenye diski taratibu. Kwenye Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama Windows, utaliona hili waziwazi: unanakili video ya gigabaiti 4, mstari unajaa upesi, ila taa ya diski bado inametameta. Ukichomoa hapo, faili inabaki nusu, na pengine diski nzima inakataa kufunguka.

Kwa Windows, bonyeza alama ya USB karibu na saa, chagua kuitoa, ngoja ujumbe wa ruhusa. Ni kweli, tangu Windows 10 toleo la 1809 mfumo umepangwa kuruhusu kuchomoa haraka, mradi hakuna kinachoandikwa. Mimi bado naitoa kwa utaratibu. Kazi ya mwisho ya mwanafunzi si kitu cha kubahatisha.

Ikikuambia kifaa kinatumika, mara nyingi kuna hati au video iliyobaki wazi. Ifunge. Ikikataa tena, zima kompyuta kabisa, usiilaze tu (sleep), ndipo uchomoe. Diski yenye sahani zinazozunguka ipe sekunde chache itulie kabla ya kuinyanyua.