Field kwenye dawati la hazina: mwanafunzi wa Dodoma ajipange vipi

Swali la kwanza la wanafunzi wa UDOM, CBE, Mipango na St. John's huwa lilelile: je, kozi yangu inakubalika kwenye dawati la hazina la benki, yaani idara inayosimamia fedha za benki na kununua na kuuza dhamana, au kwa dalali wa hisa? Inakubalika, mradi hesabu hazikutishi. Hata New York na London, ambako benki kubwa hupenda vijana wa vyuo vyenye jina kama Wharton na LSE, madawati ya biashara ya dhamana hupokea waliosoma hisabati, fizikia, uhandisi, hata historia. Fedha na uchumi vinakupa lugha ya soko mapema, basi. Takwimu na kompyuta vina faida yake: Ekseli haikusumbui.

Lakini jina la kozi halitakuokoa ukiulizwa bei. Anza na dhamana za muda mfupi za serikali, zile za siku 35, 91, 182 na 364. Tuseme ya siku 364 inatoa faida ya asilimia 8 kwa mwaka. Bei kwa kila shilingi 100 ni 100 ÷ (1 + 0.08 × 364/365), yaani 92.61.

Kisha hatifungani, yaani dhamana za muda mrefu. Chukua ya miaka 5, kuponi (riba yake ya mwaka) asilimia 10, inayolipwa kila miezi sita. Soko likitaka faida ya asilimia 11, bei kwa kila shilingi 100 inashuka hadi 96.23. Ukipata 97.86, umegawa riba kwa mbili ukasahau kwamba vipindi sasa ni 10, si 5. Kosa hili ndilo linalowaangusha wengi, na linauma kwa sababu kanuni wanaijua. Rudia kwa kikokotoo cha mkono mpaka uweze kueleza kwa mdomo kwa nini riba ikipanda bei inashuka.

Matokeo ya minada ya dhamana hizi yanapatikana kwenye tovuti ya Benki Kuu (BoT). Ya biashara ya hisa na hatifungani yako Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE). Yajaze kwenye jedwali lako kila wiki: tarehe, muda wa dhamana, kiasi kilichoombwa, kilichokubaliwa, wastani wa faida. Wiki nane zinatosha kutoa ukurasa mmoja wenye mchoro na maoni yako. Uambatanishe na wasifu. Una uzito kuliko sentensi ya "nina bidii".

Anayevutiwa na upande wa mauzo ajizoeze pia kueleza mnada kwa dakika mbili, kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza, kama anazungumza na mhasibu wa mfuko wa pensheni.

Barua ndiyo inayoharibu mambo kimyakimya. Ikiandikwa "naomba field" tu, utapangiwa tawi la hapa mjini, ufungue akaunti na kupanga mafaili hadi likizo iishe. Dawati la hazina kwa kawaida liko makao makuu, Dar es Salaam. Taja idara hiyo kwa jina, weka tarehe za kuanza na kumaliza, na omba barua ya utambulisho chuoni miezi mitatu kabla. Tafuta mapema pa kulala Dar na uwe na nauli ya kila siku, maana field nyingi hazilipi. Kwa usaili wa ana kwa ana, treni ya SGR inakufikisha kwa saa chache, ila kata tiketi mapema.

Wiki mbili zikipita kimya, piga simu ofisini asubuhi, uulize barua imefika meza ya nani.