Kabla hujayakabidhi maji ya boila kwa mashine

Mvua zikishika Mufindi, majani mabichi ya chai huingia kiwandani usiku na mchana, na boila inayotoa mvuke wa kukaushia chai haipati kupumzika. Ndipo wenye viwanda wengi huamua kufunga kifaa kinacholisha boila maji chenyewe, ili mwendesha boila asikeshe akikitumbulia macho kioo cha maji, ule mrija unaoonyesha usawa wa maji ndani ya boila. Ni uamuzi mzuri. Nimekaa na boila za kuni miaka mingi, Mufindi kwanza kisha Rungwe, na najua jinsi usingizi wa saa tisa za usiku unavyoweza kumsahaulisha pampu hata mtu makini. Ila vitabu vingi vinavyokuja na vifaa hivi huandikwa kwa boila ya mafuta. Yetu inakula kuni, na tofauti hiyo ndiyo inayonifanya niandike.

Boila ya dizeli ikipungukiwa maji, swichi hukata bana, yaani kichomea mafuta, na moto huzimika papo hapo. Moto wa kuni hauna swichi. Magogo ya mkaratusi uliyotupia sasa hivi yataendelea kuwaka, uwe na maji usiwe nayo. Umeme ukikatika, pampu husimama, feni husimama, lakini tanuri bado ni jekundu na maji bado yanachemka. Basi kabla ya kuuliza bei ya kifaa, jiulize: umeme ukikatika sasa hivi, nina dakika ngapi?

Hesabu yake si ngumu. Boila inayotoa tani 3 za mvuke kwa saa hugeuza kama kilo 50 za maji kuwa mvuke kila dakika. Tuseme kati ya usawa wa kawaida na usawa wa chini kabisa unaoruhusiwa mna lita 500. Kwa moto kamili, dakika 10 hazifiki. Feni zikisimama moto hupoa kidogo na muda huongezeka, lakini usiuhesabu muda huo kama mali yako. Pima ya boila yako, uandike kwa rangi ukutani, mahali anapoona mchochea kuni.

Ukishaijua hiyo, tafuta njia ya pili ya kuingiza maji isiyotegemea umeme wa gridi. Jenereta inafaa ikiwa inawaka yenyewe na haraka. Jenereta inayosubiri mtu aende kutafuta ufunguo haifai. Mimi huipenda injekta, kwa sababu husukuma maji kwa mvuke wa boila ileile. Kasoro yake ni kwamba haipendi maji ya moto. Maji yakizidi nyuzi 50 hivi, nyingi hugoma. Kwa hiyo iunganishe na tangi la maji baridi, usiiunganishe na tangi la kulishia lenye maji yaliyopashwa. Na ijaribiwe kila wiki. Injekta iliyokaa mwaka mzima bila kuguswa haitaamka siku unayoihitaji.

Jambo la kioo nitalieleza kwa kirefu. Katika kiwanda kimoja nilichofanyia kazi, boya la kudhibiti pampu na kioo cha maji vilichukua maji kupitia bomba moja la chini. Mafundi walifanya hivyo ili wasitoboe boila mara mbili. Usiku mmoja wa masika kioo kilionyesha nusu, pampu imetulia, na mimi nimeridhika kabisa. Mzee aliyekuwa anachochea moto alisogea, akatazama, akaniambia, "Mwanangu, maji haya yamekufa." Alisema kweli. Maji ya boila inayofanya kazi hayatulii kwenye kioo. Hucheza kidogo juu na chini muda wote. Yale yalikuwa yametulia kama chai iliyosahauliwa mezani. Tulipofungua koki ya kutolea, yakatoka matone machache tu, kisha kimya. Tope lilikuwa limeziba lile bomba, boya na kioo vikadanganyika pamoja. Tulifunga hewa, tukaufunika moto kwa majivu mabichi, tukaiacha boila ipoe hadi kesho yake. Majani ya usiku ule yaliharibika yote, na ncha za mabomba ya safu ya juu zikaanza kuvuja.

Kwa hiyo, kabla ya kufunga chochote, hakikisha kifaa cha kudhibiti kina njia yake na kioo kina njia yake. Kila zamu kioo kipulizwe: funga koki ya mvuke, fungua ya kutolea, maji yatoke kwa nguvu, kisha funga ya maji, fungua ya mvuke, mvuke nao utoke kwa nguvu, halafu funga ya kutolea, fungua zote mbili, na maji yapande mara moja. Yakipanda kwa kusitasita, njia imeanza kuziba. Chumba cha boya nacho kipulizwe vilevile.

Sasa pampu. Tanga maji huchemka kwa nyuzi 100. Huku Mufindi, kwenye mita 1,800 hivi juu ya bahari, huchemka kwa kama nyuzi 94, kwa sababu hewa inayoyakandamiza ni nyepesi. Tangi la kulishia hupashwa ili kuifukuza oksijeni, na vitabu vingi husema nyuzi 85 au zaidi. Pwani bado una nafasi ya kutosha. Hapa uko jirani na kuchemka. Maji hugeuka mvuke ndani ya mdomo wa pampu, pampu inaguguna kana kwamba imemeza changarawe, na hakuna kinachofika kwenye boila ingawa taa ya paneli inaonyesha inafanya kazi. Kwa joto lilelile la maji, hewa ya huku inakunyima msukumo unaolingana na kama mita 2 za maji. Pandisha tangi juu zaidi ya lilivyochorwa, au punguza joto lake na ukubali kutumia dawa zaidi ya kuondoa oksijeni. Mimi hupandisha tangi.

Kifaa kiongozwe na boya au na elektrodi, zile fimbo za chuma zinazohisi maji kwa umeme? Boya ni la kale. Ivan Polzunov, fundi wa Urusi, alilitumia kwenye boila ya injini yake ya mvuke miaka ya 1760, na bado linafaa. Hasara yake ni kukwama kwa magamba ya chumvi na tope. Elektrodi hazina kinachosogea, ila hutegemea maji yapitishe umeme. Boila iliyooshwa na kujazwa maji ya mvua au maji ya mvuke uliopoa inaweza kuzichanganya mpaka chumvi zirudi kiasi. Povu nalo huzidanganya, hivyo usiache kumwaga kwa ratiba maji ya chini ya boila, yenye chumvi na tope.

Chochote utakachochagua kwa kulisha, kinga ya maji kupungua iwe kitu tofauti, chenye nyaya zake. Ziwe mbili. Ya kwanza ipige king'ora na kukata feni. Ya pili, chini zaidi, ifunge kila kitu na isiachie mpaka mtu aende mwenyewe akabonyeze kwa mkono. Ukikuta mtu ameishikiza swichi hiyo kwa kijiti ili kazi isisimame, simamisha kazi. Na kwa kuwa radi za Rungwe hazina mchezo na paneli, weka kinga ya radi kabla ya kuweka paneli.

Kuna pia kitu kinachowatatiza wageni. Kikaushio cha chai kikifunguliwa mvuke ghafla, presha hushuka, mapovu ndani ya boila huvimba, na usawa wa maji *hupanda* kwenye kioo wakati ambapo maji kwa kweli yanapungua. Kifaa kinachotazama usawa peke yake hukata maji wakati yanahitajika zaidi. Kuni mbichi za masika huongeza tatizo, maana presha huyumba kila unapotupia. Boila kubwa za viwanda vya karatasi hupima pia mvuke unaotoka na maji yanayoingia, hivyo hazidanganyiki kirahisi. Kwenye boila ndogo inatosha kufungua valvu ya kikaushio polepole, na kuweka akiba ya kuni zilizokauka vizuri kabla mvua hazijaanza.

Mkaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, atataka kuona kinga hizi zikifanya kazi, basi mwite kabla ya msimu. Lakini jaribio moja lifanye mwenyewe kabla hajafika, mchana, watu wote wa zamu wakiwepo na maji yakiwa usawa wa kawaida: kata umeme kwenye swichi kuu bila kumwambia mtu, shika saa, uhesabu ni dakika ngapi zinapita mpaka maji yaanze kuingia tena. Ukifanya hivyo, simama karibu na kioo. Maji yakikaribia alama ya chini, rudisha umeme. Yakipotea kabisa kwenye kioo, pampu isiguswe hata kwa bahati mbaya: maji baridi juu ya chuma kilichoungua ndiyo hupasua boila. Funga hewa, funika moto, watoe watu.