Anza Kunduchi, malizia bustanini: jinsi ya kutembelea magofu yetu kwa siku moja

Mimi ni fundi mwashi. Nimejenga Dar es Salaam kwa miaka 31, kuanzia Kurasini hadi Bunju, na baba yangu alikuwa mchoma chokaa. Kwa hiyo nikikuelekeza magofuni, nakuelekeza kama mtu anayejua ukuta unavyosimama na unavyoanguka. Tarehe na wafalme wapo wanaozijua kuliko mimi.

Wako watu waliozaliwa hapa, wakaoa hapa, wakazika wazee wao hapa, na hawajawahi kufika kwenye msikiti wa kale wa Kunduchi. Kila siku wanapita Barabara ya Bagamoyo, kilomita chache tu kutoka pale, wakiwaza foleni. Nataka waende. Ila nataka waende kwa mpangilio huu: gofu kwanza, Makumbusho ya Taifa baadaye, bustani mwisho. Ukianzia makumbusho utaona bakuli zuri ndani ya kioo na hutajua lilikuwa linakaa wapi. Ukianzia gofuni utaona kwanza shimo lake ukutani, na utaliingia jiji ukiwa na hamu ya kuliona bakuli.

Chagua siku kati ya Juni na Septemba, kusi linapovuma na ardhi imekauka. Wakati wa masika majani hufunika makaburi na utakanyaga usichokiona. Fika mapema, saa moja na nusu asubuhi ikiwezekana. Mara yangu ya kwanza nilikwenda saa sita mchana, nikaona mawe meupe tu, nikarudi nyumbani nimenuna. Jua la utosini halina kivuli, na bila kivuli huwezi kuona alama ya mwiko wa fundi wala mchongo. Jua la asubuhi linapiga ukuta kwa ubavu, na kila kovu linajitokeza.

Panda daladala ya Tegeta au ya Bunju, mwambie konda akushushe Mtongani. Hapo chukua bajaji au bodaboda. Usiseme "Kunduchi bichi", maana utapelekwa hotelini. Sema unakwenda Kunduchi Pwani kwenye magofu, makaburi ya zamani. Usiende peke yako, mahali penyewe ni pembeni na pana vichaka. Mkiwa watatu au wanne ni vizuri. Mtafute mwangalizi wa eneo, mlipe kiingilio kinachotakiwa na mpate risiti. Bebeni vitambulisho, kwa sababu Mtanzania hulipa pungufu ya mgeni, pale na makumbusho pia. Vaa viatu vya kufunika. Akina mama wabebe khanga ya ziada. Beba maji, daftari na penseli, na simu yenye dira.

Ukifika, toa salamu. Pale ni msikiti na ni makaburini, hata kama paa halipo. Usikalie kaburi, usiegemee mnara wa kaburi ili upigwe picha, na mtoto asipande ukuta. Mawe yale yameshikana kwa chokaa iliyochoka. Goti la mtoto wa miaka 8 linatosha kung'oa kilichodumu tangu karne ya 15. Na kigae, yaani kipande cha chombo kilichovunjika, ukikiona chini, kiache hapo hapo kilipo. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964, lakini hata bila sheria, kigae kikihamishwa hakiwezi tena kumwambia mchimbuzi kilikuwa na nani.

Sasa toa simu, fungua dira. Tafuta kaskazini. Sisi wa Dar es Salaam tuna bahati: Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja kutoka kwetu, hivyo ukuta wa kaskazini ndio ukuta wa kibla, ule wanaouelekea wanaoswali. Ukishaujua huo, jengo zima linajipanga kichwani mwako, hata pale palipobaki msingi tu. Makaburi nayo yatakusomekea. Yamelala mashariki kwa magharibi, kwa kuwa maiti hulazwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla. Watoto wangu niliwafundisha hivyo, na hadi leo wakiingia kwenye gofu lolote la pwani wanauliza kwanza kaskazini iko wapi.

Kisha usogelee ukuta, mikono nyuma. Hapa ndipo ninapowaomba watu wasiwe na haraka.

Utaona mawe ya aina mbili. La kwanza ni la shimoni, lile tumbawe gumu lililogeuka mwamba nchi kavu: limekwaruza, lina matundu na magamba ya kombe ndani yake. Hilo ndilo la kujazia kuta. Ukoo wake umechimbwa sana Kunduchi, na kilima cha Wazo kilicho jirani kinasagwa kuwa saruji. La pili ni jiwe la baharini, tumbawe lililokatwa kwenye mwamba likiwa bichi. Hilo ni laini, lina vidoa vidogo vilivyojipanga kama sega la nyuki. Likitoka majini hukatika na kuchongwa kwa urahisi, likikauka linakuwa gumu. Mafundi wa zamani waliliweka panapoonekana: kwenye kibla, miimo ya milango na pembe. Ukiona jiwe lenye vidoa, jua fundi alipiga mbizi, au alimlipa aliyepiga mbizi, kwa ajili ya jiwe hilo moja.

Angalia na kinachoshika mawe. Tafuta chembe nyeusi ndani ya chokaa. Huo ni mkaa. Chokaa ilipatikana kwa kupanga magogo duara, matumbawe juu yake, na kutia moto hadi mawe yageuke meupe; kisha yakamwagiwa maji yakavunjikavunjika kuwa unga. Vipande vya mkaa vilibaki humo humo. Baba alikuwa akirudi nyumbani na nyusi nyeupe, na mimi nikiziona chembe zile ukutani namwona yeye.

Ukikuta sehemu ya kijivu, laini, ngumu kuliko jirani zake, hiyo ni saruji ya miaka ya karibuni. Inaniuma kila nikiiona kwenye jengo la kale, popote pwani. Chokaa inapumua, unyevu na chumvi vinapita ndani yake na kutoka. Saruji inaziba. Chumvi inakwama nyuma yake, inajaa, na siku moja inabandua jiwe lenyewe na saruji inabaki imesimama. Wanaotengeneza hivyo wana nia njema, lakini wanaharakisha kuanguka kwa wanachokipenda. Ukiwa na jengo la zamani la familia huko Bagamoyo au Kilwa, tafadhali mtafute fundi wa chokaa.

Baada ya msikiti nenda kwenye makaburi yenye nguzo. Yale yanayosifiwa ni ya karne ya 18. Nguzo hizi ni kitu cha pwani yetu, kuanzia Somalia hadi huku kwetu, na ukisimama chini yake tafuta miduara iliyobonyea kwenye lipu. Humo yalipachikwa mabakuli na sahani za China, lipu ikiwa bado mbichi. Baadhi ya vipande vimebaki, vingi vimekwenda. Pima mduara kwa macho, uchore kwenye daftari kwa ukubwa wake halisi, tumia shubiri yako. Huu mchoro ndio tiketi yako ya mchana.

Ukimaliza, shuka kwa wavuvi ule supu ya pweza, kisha rudi Mtongani upande gari la mjini. Shuka Posta, ufuate Barabara ya Samora kwa miguu. Utaipita Sanamu ya Askari, iliyowekwa 1927, na ukiendelea mbele utafika bustani ya mimea, na makumbusho iko ubavuni mwake, Mtaa wa Shaaban Robert.

Makumbusho ilifunguliwa 1940, wakati wa Waingereza. Wengi hukimbilia fuvu la Zinjanthropus, yule zamadamu wa kale, alilolipata Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, lenye umri wa miaka kama milioni 1.75, na magari ya viongozi. Yatazame, ni haki yako. Ila uliza ilipo historia ya pwani, vitu vya Kilwa: vigae, shanga, vyombo vya China vya kijani na vya buluu na nyeupe. Toa daftari. Weka mchoro wa shimo karibu na kioo, bila kukigusa, na ulinganishe. Hutapata bakuli lenyewe la nguzo uliyoiona, lakini utapata ndugu yake, na utaelewa kwa nini mtu aliona lile ndilo pambo la kumwekea marehemu wake.

Kabla ya kutoka, pita uani kwenye kumbukumbu ya waliouawa kwa bomu la ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998. Watu 11 walikufa hapa jijini. Simama kidogo.

Bustani ya jirani ilianzishwa 1893 na Franz Stuhlmann, Mjerumani aliyekuwa akijaribisha mazao na miti ya nchi nyingine. Imepungua sana, majengo yameimega. Tafuta mnazi wa Shelisheli, ule wenye mbegu kubwa kuliko mbegu zote duniani, halafu tafuta benchi lenye kivuli. Kaa, fungua daftari, jaza ulichosahau: rangi, upana, upande wa kaskazini.

Mara ya mwisho nilikwenda na mjukuu wangu wa darasa la tano. Pale bustanini alichora nguzo yote ya kaburi, akapachika bakuli la kijani ndani ya lile shimo alilolipima asubuhi kwa shubiri yake. Kisha akaniuliza chokaa inachukua siku ngapi kukauka, kwa sababu shuleni kwao kuna ukuta.