SOMO: Jinsi ya kuandika riwaya ya nyumba ya zamani, mzimu na siri ya ukoo (soma mpaka chini kabla hujauliza)

Wakuu, swali hili nimelijibu inboksi mpaka vidole vimeota sugu. Haipiti wiki hajaja mtu: "Nina wazo la riwaya, kuna nyumba ya zamani, kuna mzimu, familia inaficha jambo, nianzie wapi?" Anzia hapa. Kuanzia leo atakayeniuliza namtupia uzi huu, mimi naenda kulala.

Miswada ya aina hii nimeandika mitatu. Wa kwanza ulikufa. Nitawaonyesha ulipofia, maana wengi wenu naona mnaelekea shimo lilelile.

HATUA YA 1: Ijue siri kabla ya sentensi ya kwanza. Mistari mitano tu: nani alifanya nini, lini, nani aliona, nani alifaidika, na nani mpaka leo anafaidika kwa watu kunyamaza. Huyo wa mwisho ndiye adui wa kitabu chako, hata awe shangazi kipenzi cha ukoo mzima.

HATUA YA 2: Chora ukoo kwenye karatasi moja. Majina, mwaka wa kuzaliwa, wa ndoa, wa kufa. Halafu piga hesabu za kutoa, usione haya. Kama kisa kinatokea 2020 na bibi ana miaka 85, basi alizaliwa 1935. Moto uliounguza chumba cha nyuma mwaka 1941 ulimkuta ana miaka 6. Anaweza kukumbuka harufu, kelele, mkono uliomvuta nje. Hawezi kukusimulia ugomvi wa mirathi neno kwa neno. Msomaji wa mafumbo ana kalamu mkononi, atakukamata.

HATUA YA 3: Chora nyumba. Milango, madirisha, ngazi, chumba gani kiko juu ya kipi. Ukishachora usihamishe ngazi.

HATUA YA 4: MZIMU. Hapa tulieni.

Mswada wangu ule ulikuwa na kurasa 312. Mjukuu anarithi nyumba, usiku anasikia mtu anaburuta kiti darini, anapekua makaratasi, anagombana na baba mdogo, anakaribia kufukuzwa. Sura ya 27 mzimu wa shangazi ukamtokea, ukaketi pembeni mwa kitanda, ukamwaga yote: nani alimsukuma kwenye ngazi, hati iko wapi, baba halisi wa mjukuu ni nani. Nililia nikiiandika sura ile. Nikampa rafiki asome. Akanirudishia na swali moja la penseli pembeni: "Kama alikuwa anaweza kusema, mbona hakusema sura ya kwanza?"

Sikuwa na jibu. Nilijaribu kulitengeneza kwa miezi: eti mzimu ulikuwa unamjaribu kwanza, eti mpaka mwezi uandame, eti mpaka mjukuu asamehe. Kila kiraka kilizaa tundu jingine. Mwisho nikakubali kwamba kurasa zote za upekuzi zilikuwa kazi bure, kwa kuwa jibu lilikuwa limekaa darini tangu mwanzo likisubiri mimi nichoke.

Kwa hiyo shikeni hili: mzimu unauliza, haujibu. Unasumbua, unarudia, unaelekeza macho mahali. Anayejibu ni aliye hai, tena kwa jasho lake. Na kumbukeni kwamba marehemu si mjuzi wa yote. Anajua aliyoyajua mpaka dakika ya mwisho, na kwa upande wake tu. Aliyesukumwa kutoka nyuma hakumwona aliyemsukuma. Anaweza kuwa anamsumbua mtu asiye na hatia miaka 40, kwa sababu ndiye aliyegombana naye asubuhi ile. Mzimu unaokosea ni mtamu kuliko mzimu unaojua.

Ronald Knox, padri na mwandishi wa Uingereza, aliandika mwaka 1929 kanuni kumi za hadithi za upelelezi, na ya pili inafukuza kabisa nguvu zisizo za kawaida. Sisi tunaivunja kwa makusudi. Lakini anayevunja ukuta ajue ulikuwa unazuia nini: ulikuwa unazuia sura yangu ya 27.

Maonyo:
- Andika pembeni mzimu wako unaweza nini, hauwezi nini, unataka nini. Ukikwama usiuongezee uwezo. Rudi nyuma urekebishe kisa.
- Ushahidi wa mwisho ushikike mkononi. Barua, kaburi lisilo na jina, hati yenye sahihi mbili zilizoandikwa na mkono mmoja. Ndoto haifungui kesi.
- "Kumbe alikuwa anaota" – ukimaliza hivyo usiniambie kwamba ulisoma somo hili.

HATUA YA 5: Amua mapema kama mzimu ni wa kweli, ni hila ya watu, au utamwacha msomaji njia panda. Mhakiki wa fasihi Tzvetan Todorov, kwenye kitabu chake cha 1970 kuhusu fasihi ya ajabu, aliona kwamba ladha yenyewe iko kwenye kule kusitasita: msomaji hajui aamini akili au aamini macho. Kwa Kiswahili njia ilishafyekwa zamani. Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) anakuingiza kwa hofu ya mzimu, halafu mpelelezi wake, Bwana Msa, anapekua kwa akili. Yote yanafaa, mradi wewe uwe umeshaamua hata kama msomaji hajui.

HATUA YA 6: Kila dokezo lionekane wazi mapema, likiwa limevaa nguo za jambo jingine. Ufunguo uonekane kwanza kama kitu cha mtoto kuchezea.

HATUA YA 7: Andika mpaka mwisho, kisha futa sura ya kwanza. Karibu kila mara kitabu kinaanzia sura ya pili.

Maswali ruksa.

---

Mtoto wa Mjini: Mkuu uzi mzuri sana, ila hujasema mtu aanzie wapi?

Mleta somo: Hatua ya 1.

Kalamu Kavu: Mimi nyumba yangu ina njia tatu za chini kwa chini, mlango nyuma ya kabati, na chumba ndani ya kisima. Inatosha?

Mleta somo: Hiyo si nyumba, ni kichuguu. Knox huyohuyo, kanuni ya tatu: chumba au njia ya siri isizidi moja. Kila mlango wa siri unaouongeza unamrahisishia mhalifu na kumwonea msomaji.

Kalamu Kavu: Kanuni za 1929 leo zinahusu nini? Nyingine ilikataza hata Wachina, wewe unaisimamia hiyo?

Mleta somo: Siisimamii. Alikuwa anawacheka waandishi wa vitisho vya bei rahisi waliokuwa wanamtupia Mchina kila uovu, na hata hivyo kanuni ile imechacha. Mimi nimetaja mbili zinazohusu kazi yetu. Kama njia zako tatu zote zina kazi kwenye kisa, ziache. Zina kazi?

Kalamu Kavu: Moja.

Mleta somo: Haya.

Ua la Asubuhi: Shikamoo mwalimu. Nimeelewa mzimu usijibu, lakini nashindwa kuona unaulizaje bila kuongea. Unaweza kutoa mfano? Yule wa kiti darini ungemfanyaje leo?

Mleta somo: Marahaba mwanangu, hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Chukua tendo la mwisho la marehemu kabla ya kufa, mfanye alirudie. Shangazi yule alipanda kiti kuficha hati juu ya boriti, akashuka, akaenda kwenye ngazi, akasukumwa. Kwa hiyo kila usiku ni hivi: kiti kinaburutwa, kimya, nyayo saba, halafu basi. Sura ya 3 mjukuu anajua ni kitisho, analala sebuleni. Sura ya 9 anazoea, anaanza kuhesabu. Sura ya 15 anagundua nyayo zinakatika palepale kila siku, hatua mbili kabla ya ngazi. Sura ya 20 anajiuliza kwa mara ya kwanza: kiti cha nini? Mtu mzima anapanda kiti kufikia kitu kilicho juu. Tangu usiku wa kwanza mzimu haujabadilika hata kidogo. Aliyebadilika ni msikilizaji.

Ua la Asubuhi: Mungu wangu. Nashukuru sana.

Simba Kipara: Mzimu wangu unaua kwa kutazama tu. Mbona usimuue muuaji sura ya kwanza? Nisaidieni.

Mleta somo: Umeniuliza swali la penseli. Rudi hatua ya 4, usome onyo la kwanza.

Simba Kipara: Nimesoma juujuu, nina haraka.

Mleta somo: Na mimi nimejibu juujuu.

Fundi Seremala: Niongeze kidogo kwa wanaotaka msomaji asite. Mbao hupoa usiku, zinasinyaa na kulia, tena kwa mfuatano, unaweza kuapa mtu anatembea. Mhusika mwenye akili aseme hilo mwanzoni. Baadaye zilie mchana wa jua kali.

Mleta somo: Hii nimeiiba tayari. Na kuna nyingine mbili za kweli. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, alichapisha kisa cha familia iliyohamia nyumba kubwa ya zamani: nyayo, watu wasiokuwepo, vichwa kuuma. Kumbe tanuru la kupasha nyumba joto lilikuwa bovu, likiwalisha monoksidi ya kaboni, gesi yenye sumu. Ya pili ni ya 1998: mhandisi Vic Tandy wa Uingereza alieleza jinsi feni kwenye maabara yao ilivyotoa mtetemo wa takriban hezi 19 (mara 19 kwa sekunde), chini kidogo ya sikio linavyoweza kusikia. Yeye mwenyewe alikuwa ameona kivuli cha kijivu pembeni mwa jicho. Feni ikarekebishwa, kivuli kikaisha. Mpe mpelelezi wako maelezo kama hayo, yatimie kwa asilimia kubwa, yabaki na kijitundu kimoja.

Nesi Mstaafu: Kwa siri ya baba si baba, msikimbilie DNA. Kupima ukoo kwa DNA kumeanza miaka ya 1980, kabla ya hapo hakukuwepo. Tumieni kundi la damu. Mzazi wa AB kwa kawaida hapati mtoto wa O. Kadi moja ya kliniki kwenye droo, kadi nyingine ya mchango wa damu, msomaji makini anajua mapema na asiyejua hapotezi kitu.

Mleta somo: Dada, hiyo ilistahili kuwa hatua ya 6 yenyewe. Wakuu, nakilini.

Mtoto wa Mjini: Kwa hiyo naanza na mzimu au na nyumba?

Mleta somo: Hatua ya 1 ni ipi?

Mtoto wa Mjini: Siri.

Mleta somo: Naam.

Ua la Asubuhi: Mwalimu nimerudi, nimeandika sheria zangu jana usiku. Mzimu wangu ni babu. Unaweza kufungua mlango mmoja tu, hauwezi kutoka nje ya chumba cha kulia, unataka chombo fulani kirudishwe mezani. Alikufa 1958 mezani, familia inasema ni moyo. Aliyeona ni mtoto aliyekuwa amekaa chini ya meza, sasa ni mzee na anakataa kuingia chumba kile.

Mleta somo: Sheria safi, usiziguse. Ila chini ya meza mtoto anaona miguu tu, haoni mikono, na sumu inatiwa kwa mikono. Kwa hiyo alichonacho miaka yote hii ni jozi moja ya viatu. Hicho ndicho kitabu chako. Sasa niambie, kisa kinatokea mwaka gani, na huyo mzee ana miaka mingapi? Toa, halafu rudi.